Suyun Amelala Dukani

Shanghai, 12 Septemba 2004

Dada Meifeng,

Mguu unaendeleaje? Usiivue ile plasta kabla ya siku aliyosema daktari. Najua unavyopenda kuwafundisha madaktari kazi yao.

Naandika kwa kuwa masikio yako hayaelewani na simu, na kwa kuwa uliniagiza nikueleze kila kitu kwa mpangilio. Nimefungua daftari langu la kila siku hapa mbele, nanakili.

Saba ya kwanza ya Suyun, siku ya saba tangu kufa ambapo roho hurudi nyumbani, ilikuwa juzi, Ijumaa tarehe 10. Mezani niliweka wali, samaki wa mvuke, zile mboga za chumvi ulizotuletea mwaka jana na kikombe kimoja cha mvinyo wa kwenu. Dirisha la chumba cha kulala nililiacha wazi upana wa kiganja. Nilinyunyiza jivu la ubani sakafuni, upande wake wa kitanda, nikalichunga kwa chujio la chai ili hata unyayo mwepesi uonekane. Kisha nikalala kwenye kiti sebuleni, kama ulivyosema, asione haya kuingia.

Saa kumi na mbili na robo asubuhi niliingia kutazama. Jivu lilikuwa kama nilivyoliacha. Nilipiga magoti, nikavaa miwani, nikalitazama kutoka kila upande. Hata mdudu hakupita.

Uliuliza tena alivyokufa. Ni kama nilivyokwisha kukueleza: Jumamosi tarehe 4, mchana, kitandani, usingizini. Hakulalamika maumivu yoyote. Alikuwa amejifunika mpaka mabegani, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Basi.

Je, inawezekana roho ikachelewa? Tumehamia ghorofa hii ya kumi na sita mwezi wa tatu tu. Labda hajazoea lifti.

Shemeji yako,
Tang Boquan


Huangqiao, Shaoxing, 16 Septemba

Boquan,

Mguu unawasha kama una siafu ndani. Ungekuwa mzima ningekuwa nimekwisha kufika huko kukunyang'anya hilo chujio la chai.

Lifti! Miaka thelathini na moja ulipima vitambaa kiwandani, sasa unataka kupima na mwendo wa roho. Roho haipangi foleni ya lifti, shemeji. Hurudi pale ilipotokea mwilini, hata kama ni ghorofa ya mia. Inapajua mahali pale kama ulimi unavyojua pengo la jino. Mume wangu alirudi siku ya saba, akaacha nyayo mbili na nusu, kwa sababu hata akiwa hai alikuwa mvivu wa kuinua mguu wa kushoto.

Niambie: ulimwita? Hukusema kama ulimwita. Usimwite Suyun, hilo ni jina la shule na la kiwanda. Mwite A-Yun. Mimi ndiye niliyemlea, mama akiwa shambani, na nakuambia usingizi wake ulikuwa mzito. Asubuhi nilikuwa nikimvuta miguu mpaka mlangoni, naye bado anakoroma. Inawezekana anahitaji kuitwa zaidi ya mara moja.

Tena usinifiche jambo. Ulivyoandika habari ya kifo chake ni kama mtu anayejaza fomu. Mlikula nini siku ile? Alisema nini mwisho? Wewe unayeandika mpaka saa ya kununua vitunguu, unashindwaje kuniandikia maneno ya mwisho ya mdogo wangu?

Dada yako,
Qiu Meifeng


Shanghai, 25 Septemba, Jumamosi

Dada Meifeng,

Barua yako ilifika tarehe 19. Jana ilikuwa saba ya tatu. Nilimwita A-Yun mara tisa dirishani, mpaka jirani wa chini akatoa kichwa kuuliza kama nimepoteza paka. Jivu bado laini.

Leo nimeona jambo ambalo sina budi kukueleza, hata ukinicheka.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba kila Jumamosi mimi na Suyun tulikuwa tukienda kwenye lile duka kubwa la samani la wageni. Hapa nyumbani jua la mchana linapiga madirisha yote, na kule kuna ubaridi wa mashine. Alikuwa na chumba chake, cha tisa katika vile vya maonyesho: kitanda, kabati la milango miwili, taa, dirisha la bandia lenye picha ya theluji. "Hapa ndipo pangekuwa kwetu," alikuwa akisema, akifungua droo moja moja kama mwenye mali. Miaka arobaini tuliishi katika chumba kimoja na jiko la kuchangia na familia nne. Alikuwa akilala pale kidogo, kama wanavyolala wote, nami nikiteremka kantini kunywa kahawa na wazee wenzangu.

Leo nilikwenda peke yangu. Watu walikuwa wengi kupita kiasi. Kwenye sofa kina bibi walikuwa wakifuma sweta, mwanamume mmoja alikuwa akikoroma kwenye kitanda cha watoto suruali ikiwa imekunjwa mpaka magotini, na wachumba walipigana picha jikoni kusiko na maji. Nilianzia kantini. Mzee Hua, unayemjua kwa mizaha kupitia barua zangu, hakutania. Alivuta kiti. "Kaa, ndugu yangu. Kahawa bado ni ya bure." Nilipoinuka akanishika mkono wa koti: "Boquan, juu usipande. Kunywa kingine."

Nilipanda.

Kitandani katika chumba cha tisa kulikuwa na mtu amelala akielekea ukutani, blanketi la kijivu limefika mabegani. Niliiona shingo, na nywele zilizokatwa kombo pale kisogoni. Suyun alikuwa akijikatia mwenyewe kwa mkasi wa jikoni. Nilisimama. Toroli la mtu likanigonga visigino, "Mzee, sogea, unaziba njia!" na kule njia ni moja, unafuata mishale ya sakafuni, umati ukikusukuma huwezi kurudi. Nilizunguka duka zima, dakika ishirini na mbili, nikafika tena. Kitanda kilikuwa kitupu, ila mto ulikuwa na shimo la kichwa. Nikazunguka tena. Safari ya tatu nilisimama ukutani nikatazama watu badala ya kitanda.

Dada, sikiliza nilichoona. Kwenye vitanda vyote vingine watu wanakaa, wanaruka, wanalala. Kwenye kile hakai mtu. Wanakuja wakipiga kelele, wakikifikia wanashusha sauti, wanatembea kwa ncha za vidole, wakishakipita wanaanza kelele tena. Nilimuuliza kijana mmoja kwa nini amenong'ona. Akasema, "Nimenong'ona?"

Kwa nini yuko kule na si hapa, wakati hapa nimemwekea wali?

Boquan


Huangqiao, 29 Septemba

Boquan,

Jana ilikuwa sikukuu ya mwezi mpevu. Nimekula keki ya mwezi nikiwa nimezungukwa na barua zako zote mbili za mwezi huu na ile ya kwanza ya msiba. Nimezisoma mpaka mafuta yameingia kwenye karatasi.

Uliandika "kitandani". Hukuandika kitanda cha nani.

Alikufa Jumamosi. Jumamosi hamkai nyumbani. Mzee Hua anakuzuia usipande juu, kana kwamba juu kuna kaburi. Na roho hurudi pale ilipotoka, nilikuambia hivyo mimi mwenyewe, nawe ukaniuliza kwa nini yuko kule.

Mimi kiziwi, Boquan, si mjinga.

Wiki tatu umenifanya nimwagize mdogo wangu aingie kwenye dirisha ambalo hajui liko wapi. Mtu akifia nje ya nyumba yake harudi mwenyewe, hata mtoto anajua hilo. Lazima achukuliwe palepale, aitwe, aongozwe njia yote. Wewe ulilijua, ukaniacha nikufundishe habari ya jivu! Zimebaki saba chache tu. Zikipita zote saba, siku arobaini na tisa, hatakuwa na pa kurudi, atabaki mali ya duka, pamoja na makabati.

Andika ukweli leo. Usiunakili kutoka popote.

Meifeng


Shanghai, 4 Oktoba

Dada,

Ni kweli. Alikufia dukani, kwenye kitanda cha chumba cha tisa.

Siku ile tulifika saa sita na dakika kumi. Tulikula tambi nyumbani kabla ya kutoka. Kule alifungua droo zake, akalalamika kwamba wamebadilisha taa. Kisha akalala. Aliniambia, "Nenda kawasikilize wazee wenzako wakidanganyana, ila usinywe kikombe cha tatu, utakesha." Hayo ndiyo maneno ya mwisho. Sikukuandikia kwa sababu nilikunywa kikombe cha tatu.

Mzee Hua alikuwa akisimulia jinsi mjane mmoja wa meza ya pili alivyomkataa. "Kaniambia ana masharti mawili: niwe na meno na niwe na nyumba. Nimemwambia chagua moja!" Tulicheka sana. Nilipopanda, alikuwa amekwisha kufa. Nilifikiri amelala. Watu wote walifikiri amelala. Katika duka lile, nani angefikiri vingine? Mtu kafumba macho kitandani, kajifunika, watu mia wanampita na mito kwapani. Mwanamke mmoja alimkanya mwanawe asipige kelele, bibi asiamke. Jioni binti Lu, mhudumu wa sehemu ile, alikuja kubadilisha mashuka, na ndipo ikajulikana.

Sikukuandikia kwa sababu niliona haya. Ungeuliza nilikuwa wapi.

Niambie la kufanya. Sasa ni wiki ya sikukuu ya taifa. Jana nilijaribu kwenda, foleni ilianzia barabarani, na mlangoni walinzi walikuwa wakiingiza watu kwa makundi. Nilifika chumba cha tisa saa nane. Umati ulikuwa kama maji ya mfereji, mabega kwa mabega, na pale kwenye kitanda ukagawanyika wenyewe, ukapita pembeni kwa kunong'ona, ukaungana tena mbele. Nilisimama katikati ya ule ukimya. Kulikuwa na joto la mtu.

Boquan


Huangqiao, 8 Oktoba

Boquan,

Nililia siku nzima, halafu nikakasirika, halafu nikala. Hasira bado ipo. Tutashughulika nayo wewe ukifika huku au plasta ikivuliwa, chochote kitakachotangulia.

Sasa sikiliza. Chukua nguo yake aliyoipenda, ambayo haijafuliwa tangu aivae. Nenda pale kitandani, itandaze, mwite A-Yun, mwambie twende nyumbani. Ikunje, iweke kifuani. Ukishageuka usitazame nyuma, hata ukiguswa bega. Kila kona mtajie: hapa tunapinda, hapa ngazi, hapa daraja, hapa barabara. Kwenye basi mkatie tikiti yake.

Na hili ndilo linalonitia hofu: ulisema njia ya duka hilo ni ya kupinda. Wafu wanatembea moja kwa moja, Boquan. Unafikiri bibi zetu walijenga madaraja ya kombokombo kwa mapambo? Kinachomzuia huyo mtu kutoka si kupenda samani, ni kona. Tafuta njia iliyonyooka.

Swali moja limebaki. Kwetu, anayekuwa wa kwanza kumkuta maiti ndiye humwambia. Humwambia mara tatu, kabla hata ya kulia: umekufa, usiogope, tutakupeleka. Asipoambiwa hajui. Wewe uliandika "ikajulikana". Nani alimwambia Suyun?

Meifeng


Shanghai, 14 Oktoba

Dada Meifeng,

Nilijaribu juzi, Jumanne tarehe 12, nikiwa na ile fulana yake ya sufi ya zambarau. Nilifuata mishale na kutaja kila kona. Ziko ishirini na saba. Kwenye kona ya sita, penye mabakuli, fulana ilikuwa na uzito. Kwenye ya kumi na moja ilikuwa fulana tu. Nilikata tikiti mbili, nikakaa peke yangu. Jana nilirudi kutazama. Watu bado wananong'ona pale.

Uliniuliza swali, na nimelizunguka siku tatu kama nilivyozunguka duka. Nitakunakilia mstari wa daftari langu. Ukurasa wa tarehe 4 Septemba una mstari mmoja tu.

"Saa 8:40 mchana. Mkono wake wa baridi."

Saa nane na dakika arobaini, Dada. Binti Lu alikuja na mashuka saa kumi na mbili jioni.

Nilijua. Nilimshika mkono nikajua mara moja. Mikono ya wafu naifahamu, nilimwosha baba na kaka. Nilitoa daftari nikaandika saa, kwa sababu ndivyo mkono wangu unavyofanya. Kisha nikavuta blanketi likafika mabegani, nikakaa kwenye kile kiti cha pembeni, nikamlinda. Kila mtu aliyekaribia nilimwekea kidole mdomoni. "Taratibu. Mke wangu amelala." Watoto waliotaka kupanda kitandani niliwarudisha. Mwanamume mmoja aliniuliza, "Godoro linaonekana zuri, bibi analionaje?" Nikamwambia, "Amelipenda." Ule mtindo wa watu kunong'ona na kupita kwa ncha za vidole, mimi ndiye niliyewafundisha, kwa muda wa saa tatu na dakika ishirini. Hawajaacha.

Sikuwa nimechanganyikiwa. Nilikuwa nikifikiri vizuri kabisa. Nilifikiri: nikisema neno, watakuja na machela, watambeba kupita kantini, na mimi nitateremka nyuma yao kuwa mtu aliyekuwa akicheka chini wakati mkewe anakufa juu. Nisiposema, ni Jumamosi tu. Taa imewaka, theluji iko dirishani, naye yuko katika chumba chake, hakuna jirani anayegonga akitaka jiko. Miaka arobaini sikuwahi kumpa mchana kama ule. Niliwaza, dakika kumi zaidi. Baadaye nikawaza kumi nyingine.

Binti Lu aliponiambia, "Mzee, mwamshe bibi, nabadilisha shuka," nilimjibu, "Haamki." Ni hayo tu niliyosema.

Kwa hiyo hakuna aliyemwambia. Wote tulimwambia amelala, na mimi kwa sauti kubwa kuliko wote.

Boquan


Huangqiao, 17 Oktoba

Boquan,

Nimesoma.

Sitakuandikia ninachofikiri, kwa sababu karatasi itafika kwako baada ya mimi kubadilisha mawazo, na sitaki uishike.

Nenda Ijumaa tarehe 22. Ni saba ya saba, hakuna nyingine. Mwambie. Si kwa moyo, si kwa kunong'ona. Kwa sauti, kama ile uliyowaambia watu, na mbele ya watu, kwa kuwa ulimdanganya mbele ya watu. Mtajie siku na saa, anajua wewe unasahau kila kitu isipokuwa saa. Mwambie ulikuwa wapi.

Usiponiletea habari kwamba ameingia ndani, usiniandikie tena.

Meifeng


Shanghai, 23 Oktoba 2004, Jumamosi

Dada Meifeng,

Nakueleza kwa mpangilio.

Jana niliondoka nyumbani saa nne na nusu. Nilidhani Ijumaa watu watakuwa wachache, kumbe wameanza punguzo la bei za vuli. Matoroli yalikuwa yamegongana tangu mlangoni. Mzee Hua aliniona nikipita na fulana kifuani. Aliacha kahawa yake akanifuata, na wazee wengine wanne nyuma yake, mmoja akiwa na fimbo. "Tunakwenda wapi?" mmoja akauliza. Hua akamjibu, "Tunakwenda kukaa kimya, jambo ambalo wewe huliwezi, kwa hiyo jaribu."

Binti Lu alikuwa kwenye zamu. Nilimwendea kwanza. Nilikuwa nimechunguza: nyuma ya kabati la chumba cha tisa kuna mlango wa wafanyakazi, na kutoka hapo ni ukumbi ulionyooka mpaka ngazi, ngazi mpaka mlango wa kushushia mizigo, na mlango unatazama barabara. Hakuna kona hata moja.

Nikamwambia, "Binti, nataka kumtoa mke wangu."

Akasema, "Mlango huu si wa wateja, mzee."

"Najua."

"Tangu siku ile mimi ndiye ninayetandika kitanda hiki. Kila asubuhi nakikuta kimelaliwa." Akatoa funguo mfukoni, akaufungua mlango, akaupachika kipande cha mbao chini usijifunge. "Mimi nimekwenda kunywa maji. Sijaona kitu."

Nilitandaza fulana kitandani. Watu walikuwa wakipita nyuma yangu kwa ule mnong'ono wao. Dada, maisha yangu yote sijawahi kupaza sauti mahali penye watu, hata kwenye mikutano ya kiwanda nilikuwa naandika tu.

Nikasema: "A-Yun."

Halafu kwa nguvu zaidi: "A-Yun! Ni mimi, Boquan. Hukulala. Umekufa. Ulikufa Jumamosi tarehe 4 Septemba, saa nane na dakika arobaini mchana, au kabla yake, sijui, kwa sababu nilikuwa kantini nakunywa kikombe cha tatu na kucheka. Nilikushika mkono nikajua. Nikawaambia watu umelala. Niliwadanganya wao na nikakudanganya wewe. Umekufa, A-Yun. Usiogope. Nimekuja kukupeleka. Umekufa."

Umati ulisimama. Matoroli yalisimama mpaka nyuma huko. "Mzee ana nini?" mtu akauliza. "Wanatengeneza tangazo," akajibu mwingine. "Tangazo gani la kusema umekufa?" Na mwanamke mmoja, kwa sauti ya kawaida kabisa, akasema, "Nyamazeni nyie, anaongea na mkewe."

Nilikunja fulana. Dada, ilikuwa nzito kama ndoo ya maji. Niliishika kwa mikono miwili. Nikageukia mlango. Mzee Hua na wenzake walikuwa wamesimama safu mbili, migongo kwa umati, wakaniachia njia nyembamba iliyonyooka mpaka mlangoni. Hua alikuwa akitazama dari, machozi yakimwingia masikioni.

"Tunapita kabatini," nikasema. "Tunapita mlangoni. Hapa ni ukumbi, nenda moja kwa moja."

Nilikuwa sijafika katikati ya ukumbi niliposikia nyuma yangu kelele zikirudi, kelele kubwa za kawaida, watoto, matoroli, na juu ya zote mlio wa springi. Mtu alikuwa amejibwaga kitandani kwa uzito wake wote. Sauti ya mwanamume ikasema, "Aa! Hiki ndicho! Mama nanii, njoo ulale hapa!"

Sikutazama nyuma.

Kwenye basi nilikata tikiti mbili. Kondakta akaniuliza mwenzangu yuko wapi. Nikasema, "Mke wangu, hapa dirishani." Aliitazama fulana iliyokunjwa kifuani, akanitazama mimi, akachana tikiti mbili. Kituo cha pili aliingia kijana mwenye begi, akataka kukaa. Kondakta akamwambia, "Pana mtu hapo. Simama, miguu unayo." Nilimtajia Suyun madaraja mawili, kiwanda cha zamani, soko, na benki mpya ambayo alikuwa akiichukia rangi yake. Kwenye lifti nilimwambia: sasa tunapanda tu, usijali, hakuna kupinda.

Nilifungua mlango saa saba na dakika tano. Wali ulikuwa mezani, umefunikwa. Nilisimama pembeni nikasema, "Ingia. Ni hapa. Najua hukupapenda, jua ni kali mchana, lakini ni hapa."

Magoti yake yalikuwa mabaya sana mwaka huu, Dada, sikuwahi kukuandikia. Kuinama kuvua viatu kulimchukua muda, na alikuwa hataki kusaidiwa. Basi nilisubiri pale mlangoni, nikatazama ukutani asione haya, mpaka muda ule ukaisha. Kisha nikaingia nyuma yake, nikafunga mlango.

Shemeji yako,
Boquan